Ninachokizima, Marehemu Anakiwasha

Mpendwa Shangazi, naomba unisaidie, na unisamehe mwandiko, maana nakuandikia kwa mkono kwa sababu kompyuta siziamini tena, na kazi yangu ndiyo hizo hizo kompyuta.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mke wa mtu, na ninatunza seva ya hospitali, yaani ile kompyuta kubwa inayohifadhi mafaili ya idara zote. Kazi nilifundishwa na mzee mmoja tuliyemwita Babu Pole, kwa sababu kila alipozima mashine aliiambia "pole" kwanza, nasi tukimcheka, na miezi mitano iliyopita alianguka kwenye ngazi za kazini akafariki, Mungu amrehemu, na akaunti yake ya kuingilia kwenye seva hatukuifunga, si kwamba kuna aliyekataza, ila kila mtu alimwachia mwenzake, tuliona kuifuta ni kama kumzika mara ya pili.

Sasa wiki tatu zilizopita meneja akaniagiza nizime itifaki ya zamani, ile njia ya kizamani ambayo kompyuta hupeana mafaili, maana wezi wa mitandaoni wanaijua nje ndani. Nikaizima Jumatatu asubuhi, nikaiwasha seva upya, nikahakikisha, nikasaini fomu kwamba imezimwa. Jumanne nikaikuta imewashwa, nikadhani ni usahaulifu wangu, nikaizima tena, Jumatano nikaikuta imewashwa. Nikafungua rekodi za seva nione ni nani anayenichezea, na Shangazi, limeandikwa jina la marehemu, saa saba kamili mchana, siku zote mbili, na saa saba ndiyo saa aliyokuwa akirudi kutoka kula.

Alhamisi sikwenda kula. Nilijifungia chumba cha seva, ufunguo ni mmoja tu na ulikuwa mfukoni mwangu, nikakaa mbele ya skrini mikono nimeikunja kifuani. Ilipotimia saa saba, neno "imezimwa" likageuka kuwa "imewashwa" mbele ya macho yangu. Kibodi hakuna aliyeigusa. Nikajikuta nasema "shikamoo," na mpaka leo sijui kwa nini nilisema.

Nilimwambia mlinzi, akanijibu bila hata kushtuka, "Mbona sisi tunajua yumo? Wewe msalimie, upite." Mume wangu naye akasema, "Acha kazi, mama watoto, nguo tutavaa hizi hizi."

Siku nyingine nikaona kuna kifaa kimoja tu kinachotumia hiyo itifaki, na namba yake haimo kwenye orodha yetu. Nikaufuata waya wake, ukaniteremsha hadi chini kabisa, ukaingia ukutani kwenye chumba kilichofungwa nyuma ya benki ya damu. Nikaweka sikio mlangoni. Kulikuwa na kitu kinanguruma humo ndani, taratibu, kisha kikanyamaza ghafla kama kimenisikia. Nilikimbia viatu nimevishika mkononi.

Na sasa niseme linaloniumiza. Siku aliyofariki, Babu Pole alinipigia simu mara tatu. Nilikuwa likizo, nikaliona jina lake, nikaigeuza simu kifudifudi kwa kuwa nilichoka na maelekezo yake. Naona ndiyo maana ananifuata. Meneja anaamini itifaki imezimwa, wakaguzi wanakuja wiki ijayo, nami kila asubuhi nazima na kila saa saba anawasha, na usingizi sina. Nimejipa moyo kwamba Ijumaa naifuta akaunti yake ili yaishe. Niifute? Au nimtafute mtu wa dua kwanza?

Mtunza seva mwenye hofu

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, pole sana. Sasa kaa chini nikuseme.

Kuogopa si kosa. Hata mimi nimeisoma barua yako mchana kweupe nikainuka kuwasha taa. Lakini wewe ni mtaalamu, na mtaalamu gani anakimbia friji? Kitu kinachonguruma taratibu kisha kikanyamaza, nyuma ya benki ya damu! Mimi ambaye simu yenyewe nawekewa chaji na wajukuu nilikitambua kabla sijamaliza sentensi.

Nilimsomea barua yako mpwa wangu, anafanya kazi kama yako. Anasema humo ndani huenda mna kompyuta kuukuu inayopima joto la friji za damu na kuipelekea seva, na seva ndiyo hupiga kengele joto likipanda, na kompyuta hiyo haijui njia nyingine ila hiyo ya zamani. Babu Pole alijua ipo siku itazimwa, akaiachia seva maagizo: kila saa saba ukikuta imezimwa, iwashe, kwa jina langu. Ungefungua orodha ya kazi ambazo seva hujifanyia yenyewe, ungeyaona. Nadhani ndicho alichotaka kukwambia siku ile. Najua hilo linauma. Ulimkosea, lia, kisha nyanyuka.

Maana simu si kosa lako kubwa. Ulizima kitu cha hospitali nzima bila kupita idara hata moja kuuliza nani anakitumia. Kwa wiki tatu, tangu unapozima asubuhi mpaka saa saba, friji za damu hazina anayezilinda. Damu iliyopata joto haijitangazi. Inaingia kwenye mshipa wa mama aliyetoka kujifungua, na watu wanajua baadaye.

Basi usisubiri Ijumaa. Weka gazeti chini, nenda kwa mkuu wa maabara, afungue chumba kile, msome vipimajoto kwa macho yenu na mkague mifuko yote ya damu ya wiki hizi tatu. Ukitoka hapo nenda kwa meneja, mwambie fomu uliyosaini si ya kweli. Atafoka. Mwache afoke. Mtu wa dua mwite ukipenda, ila aje baada ya fundi wa friji.

Limebaki jambo moja. Mpwa wangu anasema hospitali nyingi hulazimisha paswedi ya kila akaunti ibadilishwe kila siku tisini, na isipobadilishwa, maagizo ya namna ile hugoma kufanya kazi. Babu Pole ana miezi mitano ardhini. Wewe unalijua hili kuliko sisi, na nahisi ndiyo sababu hukuliandika. Nikamuuliza mpwa wangu, sasa nani ameibadilisha? Akaniuliza kama nimeshakula.

Akaunti usiifute peke yako. Ifungwe mbele ya meneja, siku friji zitakapokuwa na mlinzi mwingine, si kabla. Mpaka siku hiyo itifaki usiizime tena, na saa saba ikikaribia, toka chumba cha seva ukale, umwache afanye kazi yake.