Jino Bovu, Goti la Bandia

Jumatatu, 3 Machi
Jino la nyuma limeniamsha na hasira, nikapata wa kummiminia: mke wa mwanangu. Nimembandika jina la Mkaguzi, maana haingii chumbani bila kunusa. Leo kanusa mdomo wangu. Eti ufizi unatoa usaha, na mwenye goti la bandia halali na usaha mdomoni; vijidudu hupita kwenye damu vikajifiche gotini. Jino liko juu, goti liko chini — vijue njia vimekuwa tarishi? Nikamwambia akaangalie sufuria zake.

Alhamisi, 6 Machi
Kaniwekea miadi kwa daktari wa meno bila kuniuliza! Mdomo ni wangu. Nimetoka saa tatu, nikashinda kwa fundi mwenzangu tukikata kola za sare. Niliporudi nikasema jino limeshatibiwa. Kafurahi mpaka kanikera. Kanipikia uji laini. Sikuunywa. Haya, nusu.

Jumatano, 12 Machi
Sare sitini zinadaiwa, na goti limegoma kukanyaga cherehani. Nimesema ni baridi.

Jumapili, 16 Machi
Goti limevimba, la moto kama pasi. Homa. Mwanangu yuko safarini, kama kawaida yake. Mkaguzi kanibeba mgongoni ngazi zote, namtukana kila ngazi. Kasema tu nishike vizuri. Hilo nalo limeniudhi.

Jumatatu, 17 Machi. Wodini
Wamechoma sindano gotini, wakavuta maji ya rangi mbaya. Daktari wa mifupa anasema watalifungua waoshe; ikishindikana, watalitoa goti lote. Anataka kujua vijidudu vimetokea wapi. Kauliza kama nina kidonda, jipu, jino bovu.

Nikafungua mdomo. Mkaguzi kaniwahi.

"Jino lilikuwepo, daktari, ila mama alitibiwa tarehe sita. Miadi niliiweka mwenyewe."

Kasema kwa fahari, kama aliyefaulu mtihani. Daktari akaandika, akaondoka. Atarudi saa kumi.

Usaha nauonja hapa ninapoandika. Yeye kakaa kwenye kiti cha mbao, ananikanda mguu usiouma, macho mekundu kwa kukesha. Simpendi. Sijawahi kumpenda. Kaniuliza naandika nini.

Nimesema vipimo vya sare.

"Pumzika, mama. Sare zitasubiri."

Nasikia viatu vya daktari koridoni. Saa kumi bado —