Kikombe Hakikumbuki

Jumanne. Wingu zito limekaa upande wa Kongo tangu asubuhi, ziwa limekuwa jeusi na mvua hainyeshi. Sina raha.

Leo nimewafundisha kidato cha nne jinsi mtoto anavyorithi maumbile ya wazazi wake. Jana nilinunua maharage sokoni Mwanga, ya njano na mekundu, nikayachanganya nusu kwa nusu katika vikombe viwili: kimoja baba, kimoja mama. Kila mwanafunzi anachukua punje moja huku, moja kule, bila kuchungulia, kisha anazirudisha. Nyekundu mbili ni mtoto wa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Kwa wastani, nikawaambia, ni mmoja kati ya wanne.

Zuhura, binti wa mtaa wa Rusimbi asiyekubali kitu mpaka akihakikishe, akanyoosha mkono. "Madam, kwa hiyo akishatoka mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata ni wazima?"

Darasa likamjibu kwa niaba yangu: ndiyo!

Maneno hayohayo ya mama mkwe wangu. Yusufu wetu ana miaka mitatu na ana selimundu. Mimi na baba yake ni wazima, ila wote tumebeba kinasaba chake. Alipolazwa mara ya kwanza, analia kwa maumivu ya miguu, mama mkwe alinishika bega: "Usiogope kuzaa, mwanangu. Huyu keshachukua zamu yake, wenzake watasalimika."

Mwalimu mzima wa baiolojia, nilijua si kweli. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka iwe kweli.

Sasa nina mimba ya miezi minne.

Nikamwambia Zuhura achukue mwenyewe. Nyekundu mbili. Akazirudisha, akatikisa vikombe, akachukua tena. Nyekundu mbili. Wenzake wakacheka, wakamwita mchawi. Nikajisikia nikisema, "Kikombe hakikumbuki. Kila mtoto anaanza upya." Wakaandika kwenye madaftari. Mimi nikatafuta kiti.

Nimerudi nyumbani Ujiji na maharage yangu. Mama mkwe ameyapokea kwa furaha na sasa anayachambua barazani, huku akinipigia hesabu ya vikofia alivyomshonea mjukuu ajaye. Naogopa mno kumvunja moyo. Lakini Baba Yusufu akirudi kazini leo nitamwambia ukweli, na twende kliniki pamoja.

Yusufu ameokota punje mbili zilizodondoka, akaniwekea kiganjani na kunifumba vidole.

Naandika kwa mkono mmoja. Huu mwingine sijaufumbua.