Kiatu Chekundu Katika Riwaya ya Mjukuu

Kitendawili, mwenzangu! Kina mdomo, hakina meno, kikimeza hakitemi. Kisima. Unakijua.

Soma haraka, fundi cherehani yuko njiani kuja kwako!

Mjukuu wangu alikuwa maktabani, anawasomea watu ile riwaya yake ya watoto iliyopata tuzo, inayohusu mji wetu. Alipofika penye kisima, fundi akasimama: "Hicho kisima nani kakuambia?"

"Ni cha kubuni tu, babu."

"Na kiatu chekundu ukingoni? Mdogo wangu alipotea na viatu vyekundu!"

Kiatu, mwenzangu! KIATU!

Mjukuu akanigeukia: "Bibi, si ulisema ni hadithi tu?"

Nikatafuta miwani, kumbe ninayo usoni. Watu wote wananitazama.

Nikamjibu: "Si hadithi. Mimi na mwenzangu tulimwona akitumbukia, tukakimbia."