Magamba ya Wifi Adela

Nyakasimbi, Jumapili jioni

Na bado wanamsifu! Leo kwenye mnada wa sadaka, baada ya ibada, mayai ya wifi Adela yamegombaniwa. Yai langu moja lilipasukia mkononi mwa mzee wa kanisa, ganda laini kama karatasi. Watu wakacheka.

Nilimfuata njiani. "Wifi, kuku wako unawalisha nini?"

"Magamba ya konokono wa mtoni, wifi. Natwanga, nachanganya na pumba, maganda ya mayai yanakuwa magumu. Si ulinifundisha wewe?"

Kweli, ni mimi. Lakini kwangu bondeni konokono wamekwisha. Nilipoanza kupiga dawa ya magugu hadi ukingoni mwa maji, magamba matupu yalijaa tele, nami nikafurahi! Nikaokota magunia. Sikujiuliza konokono wenyewe wameuawa na nini. Sasa hata moja sipati.

Yeye shamba lake liko juu ya langu, mto unakotokea, dawa yangu haifiki, na bado anapalilia kwa jembe. Nilikuwa namcheka.

Muda si mrefu uliopita ameniletea ndoo nzima ya magamba. Nimeyatwanga yote kwa hasira. Asante sijampa.