Jumapili ya Pili Shelisheli

Bandari ya Victoria, Shelisheli
Alhamisi, 5 Februari 2026

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kwa salamu ya kwetu, kamwene, na Mama naye kamwene. Naomba maneno haya yawakute wazima hapo Igowole, wewe, Mama na binti yangu Yunisi. Mimi ni mzima. Miaka mingi salamu zangu zimepita kwa Mama. Leo nimeona nikuandikie wewe mwenyewe.

Tulitoka Indonesia tukielekea Brazili. Njiani pampu ya injini ikaharibika, tukaingia kisiwa hiki kusubiri kipuri kinacholetwa kwa ndege. Basi mimi fundi wa injini, tangu nianze kazi ya bahari, ndiyo mara ya kwanza kukosa kazi! Leo ni siku ya kumi. Asubuhi naingia baharini, maji ni ya vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto. Mchana nalala kivulini, na hakuna king'ora cha kuniamsha. Wenyeji wanatuuzia tunda la shelisheli la kuchoma. Ndiyo, Shelisheli wanakula shelisheli. Mwambie Mama asicheke.

Jumapili iliyopita nilipanda mlimani hadi kanisa dogo la mawe. Ulipofika wakati wa Chakula cha Bwana, watu wote waliinuka, mimi nikabaki kitini. Bibi mmoja alinishika mkono kunionyesha njia. Nikatikisa kichwa. Hapa hakuna ajuaye kwamba nimetengwa, Baba. Ila mimi najua, nawe unajua.

Nilimzalisha Tekla kabla ya ndoa, na wewe mwinjilisti hukuweza kumtenga binti wa watu ukamwacha mwanao. Sijakulaumu. Lakini mwaka 2019 niliwaandikia wazee wa baraza barua ya toba, na jibu halikuja. Naomba kujua, walinikataa? Jumatatu tunaondoka. Imebaki Jumapili moja, kisha ni maji matupu wiki tatu.

Mwanao,
Nashoni

*

Igowole, Mufindi
Ijumaa, 6 Februari 2026

Mwanangu Nashoni,

Neema na amani zikae nawe. Barua yako ilitufikia kwa simu jana alasiri, mama yako akanisomea mara mbili. Naandika kwa mkono kama nilivyozoea. Yeye ataipiga picha karatasi hii na kukutumia.

Namshukuru Mungu aliyekulinda juu ya vilindi, akakupa na siku za kupumzika ambazo hukuziomba. Usione haya kuzipokea. Aliyeumba kazi ndiye aliyeitenga siku ya saba, wala hakusema ni kwa ajili ya wazee peke yao. Huku mvua imekuwa ya kiasi, mahindi yamefika kiunoni. Yunisi yuko darasa la tatu, na Jumapili iliyopita alisoma Maandiko mbele ya usharika kwa sauti isiyotetemeka. Tekla yu salama kwa mumewe, huko Uyole.

Nakusifu kwa kubaki kitini. Atiiye mahali ambapo hakuna amwonaye, huyo ametii kweli.

Kuhusu baraza, jambo hilo lina utaratibu wake, nalo halifai kuzungumzwa kwa simu. Utakapokuja nyumbani tutakaa chini. Uwe na subira.

Baba yako,
Jailos

*

Victoria
Jumamosi, 7 Februari 2026, asubuhi

Baba,

Shikamoo. Nimepokea barua yako, nikaikuza picha ili niuone vizuri mwandiko wako. Ni ule ule ulionifundishia kusoma. Asante. Sikutegemea ukurasa mzima.

Nimeelewa. Kesho nitakwenda ibadani na nitabaki kitini. Usihuzunike kwa ajili yangu. Nimeshazoea, na nyimbo zao ni nzuri. Asante pia kwa neno lako kuhusu kupumzika. Leo nimelala chali juu ya maji, masikio yamezama, sisikii kitu, nikasema: Baba ameniruhusu.

Mwanao,
Nashoni

*

Igowole
Jumamosi, 7 Februari 2026, saa kumi jioni

Mwanangu Nashoni,

Nisamehe nikitanguliza jambo kabla ya salamu. Hukukataliwa.

Jumapili ya Matawi, tarehe 14 Aprili 2019, wazee waliisoma barua yako, wakalia, wakakupokea. Jina lako limo katika daftari la washirika tangu siku hiyo. Nilipewa mimi kazi ya kukujulisha, kwa kuwa ni baba yako, na wote waliamini kwamba nitaikimbilia. Sikukujulisha.

Nilitaka uje mwenyewe, usimame mbele yangu, ndipo nikwambie. Uliwaandikia wazee, hukuniandikia mimi, na jambo hilo lilinichoma. Nikasema moyoni, mwezi ujao. Kisha, Krismasi. Mwaka ulipopita niliona aibu, na aibu ile nikaipa jina la utaratibu. Wenzangu walipouliza, niliwajibu kwamba uko baharini na mtandao ni mgumu. Huo ulikuwa uongo, nao niliusema nikiwa nimeshika Biblia.

Mama yako hakuyajua haya. Barua yako ya leo aliisoma kwa sauti jikoni, akafika pale uliposema umeshazoea. Akaweka simu mezani.

"Baba Nashoni, mtoto amekuuliza ndiyo au hapana. Wewe umemwandikia habari za mahindi?"

Nikasema, "Mama, mambo ya baraza..."

"Baraza liko kule kanisani! Hapa jikoni tuko mimi na wewe. Walimkataa?"

Nikamwambia. Maji ya ugali yakachemka, yakafurika, yakazima moto, naye asiyaguse. Kisha akasema, "Miaka saba. Andika. Sitapika mpaka umeandika."

Ndiyo naandika. Kesho nenda mezani, mwanangu, nenda pamoja na yule bibi. Nami kesho nitasimama mbele ya wazee niyaseme yote, na nitakaa benchi la nyuma bila kukaribia meza mpaka wao waamue. Nakuomba radhi, si kama mwinjilisti.

Mama yako ametanguliza ujumbe kwamba barua inakuja, lakini anasema unaonyesha alama moja tu, haujakufikia. Anaendelea kujaribu.

Baba yako,
Jailos

*

Victoria
Jumatatu, 9 Februari 2026

Baba yangu,

Shikamoo. Mama pia, shikamoo, na upike sasa.

Jumamosi mchana kipuri kilifika, nikashinda chini ya injini hadi usiku, simu imezima. Jumapili niliiacha kwenye chaji melini, nikapanda kanisani. Yule bibi alinishika mkono tena, na mimi nikakaa tena.

Niliporudi melini saa saba mchana ndipo nikasoma. Nilisoma nimesimama, Baba. Kisha nikatoka mbio na ovaroli langu la kazi, buti za chuma, mlima wote ule, jua la utosini. Kanisa limefungwa. Nikabisha nyumba ya jirani. Kasisi alikuwa mezani na wageni wake, bibi yule akiwamo, wanakula. Kwa Kiingereza changu cha injini nikamwonyesha picha ya barua yako. Hakujua hata neno moja, lakini alikiangalia kidole changu kilichogusa palipoandikwa "Hukukataliwa", akasubiri nimalize kueleza.

Akainuka, akaacha sahani yake imejaa, akanawa mikono. Bibi akachukua funguo. Wakanifungulia kanisa mimi mmoja. Nilikuwa natiririka jasho na mikono ina grisi, nikasitasita kuinyoosha kupokea mkate. Bibi akaishika kwa chini, akainyoosha yeye.

Umeniomba radhi. Nilikusamehe njiani, kabla sijafika mlangoni, maana sikutaka kufika pale nikiwa bado nakudai. Nilikasirika kwanza, nisikufiche. Kule chini penye kona ya kwanza nilikasirika sana. Mlima ni mrefu.

Waonyeshe wazee barua hii. Waambie aliyekosewa anaomba urudi mezani Jumapili hii inayokuja, usingojee mimi nije nyumbani. Najua jinsi kungoja kulivyo.

Kamba zinafunguliwa, mtandao utakatika. Mungu awatunze.

Mwanao, mshirika wa Igowole,
Nashoni