Makoti ya Marehemu Baba Yako

Makandana, Jumapili asubuhi

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku tu wazima, na shangazi yako amemaliza kuvuna viazi. Umeniuliza lini uyatoe makoti ya marehemu baba yako.

Nimesoma shajara yangu ya usichana. Mama yangu alipofariki, ndugu walikuja kugawana nguo zake, nami nikaficha sweta lake sandukuni. Mvua za hapa unazijua. Nilipofungua mwaka uliofuata, lilikuwa limeoza kwa ukungu. Mama mdogo alilitazama, akasema, “Baridi yote hii, si ningelivaa mimi?”

Usijiharakishe, mama, ila usichelewe kama mimi. Wape watakaoyavaa. Lile la bluu nitumie mimi. Baridi ya Juni imekaribia, na yule alikuwa mwanangu.

Bibi yako anayekuwaza