Bangili ya Asteria Forodhani

Jumatano, 11 Julai 1956. Ihembe.
Nimeanika kahawa tangu asubuhi, kama kila siku tangu nirudi. Mikeka minane. Magoti yanauma.

Katekista ameniletea barua ya forodha ya Bukoba. Wanayo bangili ya dhahabu ya marehemu mke wangu Asteria, waliyoizuia niliposhuka kwenye ndege. Nisipothibitisha kabla ya Ijumaa tarehe 20 kwamba ni kitu kilichotumika na kurithiwa kihalali, itachukuliwa na serikali. Jumamosi tarehe 21 mjukuu wetu Veneranda anaolewa Kamuli. Asteria alipokuwa anakufa alitaka jambo moja tu: mtoto aivae siku hiyo.

Nimerudi kuanika.

Alhamisi, 12 Julai.
Niandike kosa, maana ni langu.

Miaka thelathini na mitatu Kongo, mingi nikiwa karani wa bohari Kisangani. Fomu nimejaza maelfu. Ile ya abiria wa ndege iliuliza: una dhahabu au vito? Nikaacha wazi. Bangili ilikuwa imeshonewa ndani ya rubugo, kile kitambaa chetu cha gome la mti. Nyumbani kwetu urithi wa mwanamke hufunguliwa na wifi yake, na kabla ya hapo hautajwi. Wifi wa Asteria ni dada yangu Paskazia. Kwa hiyo nilinyamaza, nikidhani naheshimu mila.

Karani wa forodha, mtu wa Muleba, alikata nyuzi kwa kisu cha mfukoni. Akaiinua juu.
“Shikamoo, mzee. Na hili ndilo rubugo gani linalong'aa?”
Abiria wote walicheka. Nilitamani kurudi ndani ya ndege.

Jumamosi, 14 Julai.
Jana Bukoba, kwa lori la kahawa. Nimelala kwa binamu, nimerudi leo, vumbi hadi masikioni.

Nilisoma masharti yaliyobandikwa ukutani, yote, nimesimama. Msafiri hatozwi ushuru kwa vito vyake mwenyewe avivaavyo. Vipya hutozwa. Vilivyotumika vya marehemu hupita bure kwa mrithi. Nikamwonyesha karani mstari wa kwanza.
“Mzee, kwani bangili hii huwa unaivaa wewe?”
Nikamwonyesha wa tatu. Nikatoa cheti cha kifo na wosia, alioandika padri wa kule. Akausoma taratibu, si mjinga yule. Wosia unamtaja Veneranda. Mimi si mrithi. Mimi ni mbebaji tu. Mrithi afike mwenyewe, atie sahihi mbele ya mkuu wa forodha.

Ana haki. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumapili, 15 Julai.
Veneranda yuko ndani wiki ya tatu sasa. Anapakwa samli, analishwa, haonekani na mtu wa nje hadi siku ya harusi. Nilijua Paskazia atakataa. Sikujua atakataa namna ile, mbele ya majirani waliotoka misani.

“Uliondoka una meno yote, kaka, umerudi na mabaki. Na leo unataka kunitolea mwali barabarani kwa sababu ya karatasi za Wazungu?”

Nikasema ni karatasi za mke wangu mwenyewe, wifi yake. Akasema Asteria angekuwa hai angemwacha mtoto ndani. Huenda. Sijui. Nimekaa mbali mno kujua nani ana haki hapa. Runyambo yangu yenyewe, lugha ya kwetu, watoto wanaicheka.

Jumatatu, 16 Julai.
Hatusemezani. Chai nimejipikia.

Jumanne, 17 Julai.
Veneranda amesema na mimi kutoka nyuma ya kiambaza cha matete. Ametulia kuliko sisi wazee.
“Babu, nitakwenda. Bibi Asteria alinishonea gauni la komunyo kutoka Kongo, bila kuniona. Mimi nishindwe kwenda Bukoba?”
Kisha akamwita Paskazia. Wamezungumza muda mrefu. Paskazia ametoka bila kunitazama, akauliza lori linaondoka saa ngapi. Alipofika mlangoni: “Hataonekana. Umesikia? Hataonekana.”

Alhamisi, 19 Julai. Bukoba.
Tumeshinda! Naandika mezani kwa binamu, kalamu inakimbia.

Tangu jana Ihembe, kupitia Kyaka, hadi hapa, Veneranda amesafiri chini ya shuka na kanga mbili, Paskazia ameshika pindo muda wote. Ndani ya lori wanaume waliamriwa kutazama miti. Walitazama miti.

Tukaingia forodhani hivyo hivyo. Karani wa Muleba akasimama.
“Bibi, nitajuaje kuwa ndiye?”
Paskazia akajibu, “Una cheti chake cha ubatizo mkononi, baba. Na utaona mkono. Bangili inavaliwa mkononi, haivaliwi usoni.”

Mkuu wa forodha, Mwingereza mwenye masharubu, alitafsiriwa maneno hayo. Akacheka hadi akavua miwani. Kisha akafanya kazi yake sawasawa. Alikagua bangili kwa kioo: imelika upande mmoja, imebonyea, si kitu kipya. Alisoma vyeti vyote viwili. Alisoma wosia. Mkono ukatoka chini ya kanga, unang'aa samli, ukaandika jina lote kwa mwandiko mzuri kuliko wa karani.

Ushuru: hakuna. Mimi nimepewa onyo la maandishi kwa kutojaza fomu. Nimelitia sahihi kwa furaha. Nililistahili.

Wala Veneranda hakuivaa pale. Paskazia ameifunga upya ndani ya rubugo, kwa uzi wake. Akaniambia, kwa upole wa kwanza tangu Jumapili, “Kaka, hukufanya vibaya.” Kwa dada yangu hiyo ni hotuba.

Jumamosi, 21 Julai. Kamuli.
Paskazia amekata nyuzi mwenyewe, mbele ya wanawake wote. Vigelegele. Veneranda ameivaa.

Jumapili, 22 Julai. Ihembe.
Nimerudi. Ukungu umechelewa kuondoka migombani. Paskazia bado amelala, ana haki.

Kisangani, asubuhi kama hii, nilikuwa nikiamshwa na bangili ile ikigonga sufuria. Saa hizi huenda inagonga sufuria huko Kamuli. Nimekaa kidogo mlangoni, kisha nimekwenda kutandika mikeka.